Rangi Ndani ya Jeli: Historia ya Vihisi vya Kutambua Metali Majini

Kihisi cha jeli chenye fluoresensi ni kipande cha kitu laini, ambacho sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, na ambacho hubadilisha mwanga wake pale ayoni za metali fulani zinapoingia ndani yake. Ayoni ni atomu iliyopoteza au kuongezewa elektroni na hivyo kubeba chaji ya umeme, na metali zinazoyeyuka majini, ziwe za manufaa kama kalsiamu au za sumu kama zebaki na risasi, mara nyingi husafiri katika hali hiyo, na kwa viwango vidogo huwa hazina rangi, harufu wala ladha ya kumtahadharisha mnywaji. Fluoresensi, kwa upande wake, ni tabia ya baadhi ya vitu kufyonza mwanga wa aina moja, aghalabu miali ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, na karibu papo hapo kutoa mwanga mwingine wenye rangi inayoonekana. Kuunganisha ayoni, rangi ing'aayo na jeli katika chombo kimoja kulichukua zaidi ya karne moja, na sababu ya kuchelewa huko haikuwa uhaba wa rangi zinazong'aa, kwani hizo zilikuwepo tangu zamani. Kilichokosekana ni mahali pa kuiweka rangi ili iguswe na maji bila kuchukuliwa nayo.

Maandishi ya kwanza ya Ulaya kuhusu tabia hii yanazungumzia dawa ya kunywa. Mwaka 1565 Nicolás Monardes, tabibu wa Sevilla, alieleza habari za mti ulioletwa kutoka Mexico, uliojulikana kwa wenyeji wa huko kabla Wahispania hawajafika, ambao vipande vyake vililowekwa majini ili kutibu maradhi ya figo. Maji hayo yaligeuka buluu, lakini buluu ya ajabu, iliyoonekana mtazamaji akiwa upande mmoja wa chombo na kutoweka akiwa upande mwingine. Robert Boyle, katika kitabu chake juu ya rangi kilichochapishwa London mwaka 1664, aliongeza jambo lenye uzito zaidi: akitia asidi, buluu ile ilizimika, na akitia alikali, ilirejea. Kwa mara hiyo mwanga ulikwisha kuwekwa chini ya amri ya kemikali, ingawa hakuna aliyejua bado mwanga wenyewe ulitoka wapi.

Jibu la swali hilo lilitolewa mwaka 1852 na George Gabriel Stokes wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Stokes alitawanya mwanga wa jua kwa mche wa kioo hadi ukawa ukanda wa rangi, kisha akasogeza mrija wenye mmumunyo wa kwinini kutoka upande wa rangi nyekundu kuelekea urujuani. Mrija ulipopita sehemu ya mwisho inayoonekana na kuingia gizani, huko ambako jicho halioni chochote, ulianza kung'aa buluu. Kwa hiyo buluu ile haikuwa sehemu ya mwanga wa jua uliorudishwa na kimiminika, bali mwanga mpya uliotengenezwa na kwinini baada ya kufyonza miali isiyoonekana, na daima mwanga huo mpya ulikuwa na nishati pungufu kuliko ule uliofyonzwa. Mwaka 1864 Stokes alipendekeza kwamba tabia hiyo itumike kutambua vitu vilivyomo katika mchanganyiko, lakini yeye alikuwa mwanahisabati na mwanafizikia, na kazi ya kuigeuza kuwa kipimo ilibaki kwa wengine.

Aliyeifanya kazi hiyo kwa metali alikuwa Friedrich Goppelsröder, mkemia wa Basel nchini Uswisi. Mazingira yake yanastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu yanaonyesha kwamba uhusiano kati ya rangi, sumu na maji ya kunywa ni wa zamani kuliko maandishi mengi ya leo yanavyodokeza. Goppelsröder alikuwa mkemia wa umma wa mji huo wakati ambapo Basel ilikuwa imeanza kutengeneza rangi za anilini, na wekundu wa fuksini, uliopendwa sana na wauzaji wa vitambaa, ulitengenezwa kwa kutumia asidi ya aseniki kwa wingi. Mabaki ya aseniki yalipenya ardhini na kuingia katika visima, watu wa jirani wakaugua, na mnamo mwaka 1864 ni Goppelsröder aliyeyachunguza maji hayo na kuonyesha sumu ilikotoka. Mtu huyu, basi, alijua ni nini kumhakikishia mwenye kisima kwamba maji yake, yaliyo maangavu machoni pake, yanaua.

Mwaka 1867 alitangaza ugunduzi ambao wanahistoria wa kemia huuhesabu kuwa mwanzo wa upimaji wa metali kwa fluoresensi. Morini, rangi ya manjano inayopatikana katika mbao za mti wa Amerika ya tropiki zilizotumiwa kutia nguo rangi, ilipokutana na chumvi za alumini iling'aa kijani kikali, hata alumini yenyewe ilipokuwa kidogo mno. Utaratibu wake unaeleweka vizuri leo. Molekuli ya morini ikiwa peke yake hujitikisa na kujipinda, na nishati iliyofyonzwa kutoka kwenye mwanga hupotelea katika mitikisiko hiyo kama joto. Ayoni ya alumini inapokamatwa kati ya atomu mbili za oksijeni za morini, molekuli nzima hukazwa, mitikisiko hupungua, na nishati iliyokosa njia hiyo hutoka kama mwanga. Vihisi vingi vya karne ya 21, hata vile vinavyopewa majina marefu na mapya, vinafanya kazi kwa kanuni hii hii ya kukaza.

Hata hivyo njia ya Goppelsröder ilikuwa na udhaifu uliodumu kwa miaka mia moja. Rangi ilitiwa ndani ya sampuli, ikachanganyika nayo, ikatupwa pamoja nayo. Mfano mkubwa wa rangi inayomezwa na maji ulionekana mwaka 1877 kusini mwa Ujerumani, pale mwanajiolojia Adolf Knop alipomwaga takriban kilo 10 za fluoreseini, rangi iliyotengenezwa na Adolf von Baeyer mwaka 1871, mahali ambapo mto Danube huzama katika miamba ya chokaa. Baada ya saa 60 hivi chemchemi ya Aach, umbali wa kilomita 12 au zaidi kidogo, ilibubujika maji ya kijani king'aacho, na mabishano ya muda mrefu kuhusu maji ya Danube yanakwenda wapi yakakatwa. Kwa kufuatilia njia ya maji, kumwaga rangi kulitosha. Kwa kulinda kisima kinachotumika kila siku, kusingetosha kamwe, kwani hakuna mtu atakayetaka kunywa rangi ili ajue kama maji yana metali.

Wakati huohuo vyombo vikubwa viliichukua kazi ya kupima metali na kuifanya vizuri kweli. Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff wa Heidelberg walionyesha mwaka 1860 kwamba kila metali ikichomwa katika mwali wa moto hutoa mistari ya mwanga iliyo yake peke yake, na mwaka 1955 Alan Walsh wa Australia akachapisha njia ya kupima metali kwa kuangalia mwanga unaofyonzwa na atomu zake ndani ya mwali. Njia ya Walsh ilienea katika maabara za dunia nzima, na bado inatumika. Gharama yake haikuwa ya fedha tu. Mashine ilihitaji gesi, umeme usiokatika na fundi aliyefunzwa, na hivyo maji ndiyo yaliyolazimika kusafiri: yalichotwa kijijini, yakatiwa asidi ili metali isigande kwenye kuta za chupa, yakasafirishwa hadi mjini, na majibu yakarudi baada ya siku au wiki, iwapo yalirudi.

Historia ya jeli ilikuwa ikienda kwa njia yake yenyewe. Jeli ni mtandao wa minyororo mirefu ya molekuli iliyoshikana hapa na pale na kuzuilia maji katikati yake, hata kitu chenye maji mengi kikasimama bila kumwagika. Halua ya Zanzibar na Oman ni jeli ya namna hiyo, ambayo mtandao wake ni wanga na maji yake yamekolezwa sukari. Thomas Graham, mkemia wa Uskoti aliyeasisi elimu ya koloidi, alionyesha mwaka 1861 jambo ambalo kwa historia hii ndilo msingi wa yote: chumvi huenea ndani ya jeli karibu kwa kasi ileile ya majini, ilhali vitu vyenye molekuli kubwa hukwama. Hapo, kama mtu angelikuwa amesoma Graham na Goppelsröder pamoja, kihisi cha jeli kingeweza kufikiriwa kabla ya mwaka 1870, kwani ilitosha kuifunga rangi kwenye mtandao wa jeli na kuiacha metali iingie. Hakuna aliyefanya hivyo, na mtu hawezi kuwalaumu, kwa maana jeli zilizokuwepo zilikuwa za asili, zenye ukungu machoni, zenye kuoza na zenye kubeba metali zao wenyewe. Jeli za mwani hasa huimarishwa na ayoni: alginati hugandishwa na kalsiamu, na karajini, ambayo hutolewa katika mwani unaolimwa na wanawake wa Paje na Jambiani tangu mwaka 1989, hukazwa na kalsiamu au potasiamu kutegemea aina ya mwani. Kutafuta metali ngeni ndani ya kitu kilichoshikiliwa na metali hakukuwa kazi rahisi.

Jeli safi, angavu na ya kudumu ilitoka Prague. Mwaka 1960 Otto Wichterle na Drahoslav Lím walichapisha makala juu ya polima inayopenda maji, yaani minyororo ya molekuli iliyotengenezwa maabara, ambayo hufyonza maji na kuvimba bila kuyeyuka, na mwishoni mwa mwaka 1961 Wichterle alitengeneza lenzi laini za machoni kwa mashine aliyoiunda nyumbani kwa vipande vya mchezo wa watoto. Kitu kinachoweza kukaa juu ya jicho huruhusu mwanga kupita, huruhusu chumvi za machozi kupita, na hakimdhuru mtu. Masharti hayo matatu ni yaleyale yanayotakiwa na kihisi cha maji.

Baada ya mahali kupatikana, kulibaki suala la mshiko, maana rangi inayong'aa kwa kila metali haina maana kwa mpimaji. Charles Pedersen, aliyezaliwa Busan nchini Korea na kufanya kazi Marekani, alitangaza mwaka 1967 molekuli zenye umbo la pete, etha taji, alizozipata kwanza kama fuwele chache zisizotarajiwa katika jaribio la kitu kingine. Pete hizo hushika ayoni kwa kufuata ukubwa wake: pete ndogo kwa sodiamu, kubwa kidogo kwa potasiamu. Mwaka 1987 Pedersen alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Donald Cram na Jean-Marie Lehn kwa kazi ya namna hiyo.

Hatua ya kuifunga pete kwenye rangi ndiyo inayopaswa kupewa heshima kuliko inavyopewa, na inafaa kusisitizwa kwamba haikutoka katika maabara tajiri. Mwaka 1986 A. Prasanna de Silva na Saliya de Silva wa Chuo Kikuu cha Colombo, Sri Lanka, walieleza molekuli yenye sehemu tatu: antrasini, ambayo hung'aa buluu; pete yenye atomu ya nitrojeni; na kiungo kifupi cha kuzitenganisha. Pete ikiwa tupu, elektroni za nitrojeni huruka na kuingia katika antrasini iliyochangamshwa na mwanga, na fluoresensi huzimika kabla haijatoka. Ayoni ya sodiamu au potasiamu inapokaa katika pete huzishikilia elektroni hizo, mruko hukoma, na mwanga huwaka. Tofauti na uvumbuzi wa bahati wa morini, hapa mkemia aliweza kuchora kihisi kwenye karatasi kabla ya kukitengeneza, akabadilisha pete ili kubadilisha metali na kubadilisha rangi ili kubadilisha mwanga. Mfululizo mkubwa wa vihisi uliofuata, pamoja na kile cha shaba kilichoundwa kwa rangi iitwayo rodamini na Anthony Czarnik na wenzake mwaka 1997 kwa matumizi ndani ya maji, ulirithi namna hiyo ya kufikiri.

Haja ya vihisi hivyo ilikuwa imeandikwa kwa mateso. Huko Minamata, Japani, kiwanda cha kemikali kilichotengeneza asetaldehidi tangu mwaka 1932 kilimwaga zebaki katika ghuba, samaki wakaikusanya, na ugonjwa wa neva ulioripotiwa rasmi tarehe 1 Mei 1956 uliwaua na kuwalemaza watu kwa maelfu kabla serikali haijakiri chanzo chake mwaka 1968. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, unaobeba jina la mji huo, ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Afrika Mashariki inavihitaji vihisi hivyo kwa sababu zake. Katika mialo ya kuchenjulia dhahabu ya Geita na kwingineko kandokando ya Ziwa Victoria, wachimbaji wadogo husaga mawe kwa karasha, huchanganya unga wake na zebaki ili inase dhahabu, kisha huichoma zebaki hiyo kwa moto wa wazi, na kile kisichopanda hewani hubaki katika marudio, yaani mabaki ya mchanga uliochenjuliwa, ambayo mvua huyasomba hadi mitoni. Mombasa nako, wakazi wa Owino Uhuru walipata sumu ya risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Katika sehemu kama hizo swali si kama mashine kubwa ni sahihi. Ni sahihi. Swali ni nani anaipata.

Kuiweka rangi ndani ya mwili mgumu lakini wenye vinyweleo kulianza Yerusalemu mwaka 1984, pale David Avnir, David Levy na Renata Reisfeld walipoikamata rodamini ndani ya kioo cha silika kilichotengenezwa kwa kugandisha jeli, bila joto kali ambalo lingeiunguza. Mwaka 1997 John Holtz na Sanford Asher wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walitoa haidrojeli, yaani jeli ya polima na maji, yenye etha taji za kushika risasi: risasi ilipoingia, chaji zake zilivuta maji, jeli ikavimba, na rangi yake ikabadilika kwa macho. Hiyo haikuwa fluoresensi, kwani rangi ilitokana na mpangilio wa vitufe vidogo vya plastiki ndani ya jeli, lakini ilithibitisha kwamba jeli yenyewe inaweza kuwa sehemu ya jibu. Na kazi ya kwanza ya kudumu ya vihisi vya fluoresensi vilivyofungwa kwenye polima haikuwa mtoni. Miundo ya namna ya de Silva iliajiriwa hospitalini kupima sodiamu na potasiamu za damu, kwa sababu hospitali hulipa, na mto haulipi.

Kwa zebaki, mshiko ulipatikana mahali pasipotarajiwa. Mwaka 2004 Akira Ono na Humika Togashi wa Japani walionyesha kwamba thaimini, mojawapo ya herufi nne za DNA, huishika ayoni ya zebaki kati ya jozi yake kwa uaminifu mkubwa na kuziacha metali nyingine. Mwaka 2010 Juewen Liu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, waliifunga DNA yenye thaimini nyingi kwenye haidrojeli ya poliakrilamaidi, jeli ileile inayotumika kila siku katika maabara za biolojia. Kipande cha jeli hiyo huachwa katika sampuli ya maji. Kama zebaki imo, DNA hujikunja na kuikumbatia, na rangi maalumu inapoongezwa mwishoni jeli hung'aa kijani, na kama haimo hung'aa njano. Katika mililita 50 za maji, macho matupu yaliweza kutofautisha nanomola 10, sawa na mikrogramu 2 hivi kwa lita, ambacho ndicho kikomo cha zebaki katika maji ya kunywa nchini Marekani. Inafaa kuangalia kwa karibu jeli inavyofikia hapo. Kwa kuwa DNA imefungwa na haiwezi kuondoka, zebaki iliyotawanyika katika mililita zote 50 hukusanyika kidogokidogo ndani ya kipande kidogo, jambo lisilowezekana kwa rangi iliyomwagwa. Jeli hiyohiyo huyaondolea maji zebaki, huoshwa kwa asidi na kutumika tena, na hukaushwa ili ihifadhiwe, kisha huvimba upya ikilowekwa. Watafiti waliijaribu pia kwa maji ya Ziwa Ontario waliyoyatia zebaki, na ilifanya kazi.

Tangu hapo aina za vihisi zimekuwa nyingi. Nukta za kaboni, chembe ndogo sana zing'aazo zilizogunduliwa mwaka 2004, zimefungwa katika jeli za selulosi na alginati ili kutambua chuma na shaba. Molekuli ambazo hung'aa zikisongamana badala ya kuzimika, zilizoelezwa Hong Kong mwaka 2001 na Ben Zhong Tang na wenzake, zimefaa sana ndani ya jeli, ambamo msongamano ni jambo la kawaida. Wingi huo una kasoro moja ambayo haipaswi kufichwa. Vihisi vingi vimepimwa katika maji yaliyochujwa hadi yasibaki na kitu, na kushindana kwa kikomo cha chini cha ugunduzi kumechukua nafasi ya kushindana kwa ukweli. Maji ya mto yana asidi za mboji zinazong'aa buluu zenyewe. Chuma na shaba huzima rangi nyingi bila kujali ni metali gani inayotafutwa, hivi kwamba kihisi kinachojibu kwa kuzimika kinaweza kumdanganya mtumiaji. Na katika maji ya bahari kloridi huikumbatia zebaki na kukinyang'anya kihisi. Tena, kihisi cha ayoni ya zebaki hakisemi lazima lolote kuhusu zebaki ya methili, ile iliyowaua watu wa Minamata. Jeli husaidia kwa kiasi fulani, kwa kuwa mtandao wake huyazuia matope na molekuli kubwa, kama Graham alivyoona mwaka 1861, lakini haizuii kloridi wala chuma.

Kikwazo kingine ni cha jeli yenyewe. Toyoichi Tanaka na David Fillmore walionyesha mwaka 1979 kwamba muda wa jeli kuvimba hufuata mraba wa ukubwa wake, na ayoni zinazopenya kwa kuenea hufuata kanuni ya aina hiyohiyo: jeli yenye unene maradufu hudai muda mara nne. Ndiyo maana kipande kinene hukusanya zebaki nyingi lakini humkalisha mpimaji akingoja, na kile chembamba hujibu upesi lakini hubeba rangi kidogo ya kuonekana, na ndiyo maana kazi nyingi za sasa zinatengeneza tabaka nyembamba zilizopakwa juu ya karatasi au plastiki, au vitone vidogo vya jeli vinavyotiwa kwenye chupa na kumulikwa kwa taa ndogo ya urujuanimno.